Walimwita Bata

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini kikohozi ulichokilalamikia mara ya mwisho kimekuachia, na wifi na watoto ni wazima. Huku hatujambo, ila magoti ya Mama ndiyo hayo hayo: leo yanamruhusu kupanda ngazi, kesho yanagoma. Mimi nipo, kazi zipo, na kichwa changu ndicho kisichoeleweka, kwa sababu nitakayokueleza.

Najua ungependa nikupigie simu. Nimejaribu, lakini kila nikisikia sauti yako maneno yananipotea, naishia kukuuliza hali ya hewa ya huko. Bora niandike, maana kwenye karatasi naweza kufuta na kuanza tena. Nisamehe nikirukaruka. Mambo yenyewe yalinijia hivyo hivyo, vipande vipande, na mpaka sasa sijui kama nimeviunganisha sawasawa.

Unakumbuka nilikuambia kwamba Chama cha Magari ya Zamani kilitaka kufanya siku ya kumkumbuka Baba. Ulisema usihusishwe, nami sikukulaumu. Mtu aliyeshikwa kola na babake akatolewa gereji kama mwizi, eti kwa kuweka mkono juu ya boneti, hawezi kulazimishwa kuyasifia magari hayo. Hata mazishini hukuja, na Mama alinikataza kukusumbua. Basi nikabaki mimi, na ndiye niliyeombwa kusema machache kwa niaba ya familia.

Aliyeniomba ni Katibu wa chama, yule mzee wa masharubu aliyekuwa akishindana na Baba enzi zao. Alinisisitizia kwamba nisisahau kumtaja Bata. Jina hilo la utani la Baba tulilisikia tangu utotoni, lakini mimi nilidhani walimwita hivyo kwa ajili ya mwendo wake. Katibu alicheka mpaka akatafuta leso. Alinieleza kwamba kwenye jua Baba alikuwa dereva wa kawaida tu, wa kumaliza katikati ya kundi na kurudi kazini kwake Jumatatu akiwa na viungo vyote. Ila mvua ikinyesha, alisema, hapo ndipo utamjua. Pale kwenye uwanja wa ndege wa zamani walipokuwa wakishindania, lami imepasuka, maji yametuama, wenzake wote wanapunguza mwendo, yeye anaongeza. Lile gari jekundu lisilo na paa linaserereka mpaka watu wanafumba macho, halafu linanyooka lenyewe kama limeambiwa. Ndiyo maana wakamwita Bata, kwamba majini ndiko kwao.

Sasa niambie, Kaka, huyo ni baba yupi? Baba ninayemkumbuka mimi, manyunyu yakigusa kioo tu, alikuwa anaegesha pembeni, anazima injini na kuweka mikono mapajani mpaka kukauke. Tumechelewa shule mara ngapi kwa sababu hiyo! Wewe unachora kwenye kioo chenye ukungu, mimi nalia kwamba mwalimu atanichapa, na Mama ametulia kwenye kiti cha mbele akitazama nje.

Nikaona nimuulize Mama. Aliniambia niandike hivyo hivyo wanavyotaka, ya nini kuwabishia wazee. Akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Nikamfuata Fundi, aliyekuwa akimtengenezea Baba magari tangu ujana wao. Nilimkuta kwenye gereji yetu, nyuma ya kile chumba ambamo Baba alikuwa akitengeneza meno ya bandia. Mpaka leo pananuka oili na unga wa plasta. Magari yako palepale: la kijani lenye pua ndefu, la krimu ambalo halijawahi kuwaka tangu tupate akili, na jekundu. Fundi alikuwa amefungua kabureta la jekundu, maana chama kilitaka lizungushwe uwanjani siku hiyo. Nilimuuliza inakuwaje mtu anayeogopa manyunyu awe bingwa wa mvua. Akafuta spana iliyokuwa safi, akaigeuza, akaifuta tena. Akasema, "Bibie, mimi nilikuwa wa spana. Mambo ya usukani waulize wa usukani."

Nikamwambia wa usukani tumemzika. Akainama ndani ya injini, akakaa humo mpaka nilipochoka kusubiri nikaondoka.

Jumapili iliyofuata Katibu alikuja nyumbani kupanga ratiba. Alikaa kwenye kiti cha Baba na kuanza kunisimulia shindano la mwisho, lile la kikombe kikubwa kilichoko kabatini. Unajua wazee wakishaanza. Alikuwa akitumia bakuli la sukari kama gari na vijiko kama kona.

"Kona ya mwisho," akasema, "ile ya matairi yaliyopangwa, Bata aliingia na gia ya tatu. Ya tatu, binti yangu, kwenye mvua ile!"

"Ya pili."

Tukageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Unasemaje, shemeji?"

"Ilikuwa gia ya pili. Kwa ya tatu lingetoka nje."

Katibu akacheka, akasema kumbe shemeji naye alikuwa mtazamaji makini. Mama hakucheka. Alimimina chai, na nyingine ikaishia kwenye kisosi. Mimi nilikuwa nakumbuka jambo moja tu: kwamba Mama amekuwa akituambia maisha yake yote kwamba hajui hata kuliwasha gari.

Kesho yake tulikuwa tukikunja mashuka uani, yeye ameshika ncha zake na mimi zangu. Nikamuuliza alijuaje habari ya gia. Akavuta shuka likanyooka, akasema, kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha, "Huyo Bata wenu nilikuwa mimi."

Kaka, nilidhani uzee umeanza kumchezea. Wallahi nilimtazama nikawaza nimpeleke kwa daktari gani. Nikamwambia taratibu kwamba labda amechoka, akapumzike. Alininyang'anya ncha za shuka akamalizia kulikunja mwenyewe, akasema kama simwamini nikamuulize Fundi ni nani aliyekuwa akimwagiwa ndoo ya maji.

Nilienda hata viatu sikubadilisha. Fundi aliposikia neno ndoo, alikaa chini juu ya tairi akavua kofia. Akasema alhamdulillahi, amesema mwenyewe, na mimi sasa nitalala.

Alinieleza hivi. Miaka minne kabla ya wewe kuzaliwa, Baba alipinduka na lile gari la krimu kwenye mvua, likamlalia mtaroni huku maji yakipanda. Walipomtoa alikuwa mzima, lakini tangu siku hiyo matone yakianza mikono yake ilikuwa ikitetemeka, hawezi hata kufunga kifungo. Kujitoa mashindanoni aliona haya. Na Mama, usiyemjua wala nisiyemjua, alikuwa amefundishwa kuendesha na Babu kwenye lori la mbao, kwenye njia za udongo wa mfinyanzi huko msituni, tangu miguu yake haijafika vizuri kwenye klachi. Kwake yeye, kuteleza ndiyo ilikuwa barabara. Lakini chama siku zile hakikumruhusu mwanamke kushindana. Wake za madereva kazi yao ilikuwa kupika chai na kushika saa.

Basi mvua ikianza, wote wawili waliingia nyuma ya pikapu la Fundi, chini ya turubai. Kimo chao kilikuwa kimoja na Baba alikuwa mwembamba. Mama alitoka na ovaroli, helmeti na miwani ya Baba, Baba akabaki amejikunyata humo ndani. Mbio zikiisha, Mama alikuwa akilileta gari moja kwa moja nyuma ya pikapu. Wakabadilishana tena, na Fundi akamwagia Baba ndoo nzima kichwani ili atoke amelowa kama aliyeshindana. Mara moja, alisema, maji yalikuwa na sabuni ya kuoshea gari, na Baba akapokea zawadi huku anatoa povu masikioni. Fundi alicheka akisimulia hilo, kisha akalia, nami nikawa sijui nimfuate kwenye kipi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na sikujua hasira zenyewe ni za nani. Nilimwambia Mama kwamba Baba alimwibia. Vikombe vyote vile, sifa zote zile! Mama alinikatiza kwa ukali ambao sijausikia tangu tukiwa wadogo. Alisema hakuibiwa kitu. Alisema ndani ya ile helmeti hakuwa mke wa mtu wala binti wa mtu, na hajawahi kupata raha kama ile tena. Baba ndiye aliyetaka kuwaambia watu ukweli, si mara moja, na yeye Mama ndiye aliyemkataza, kwa sababu wangemwita mwoga. Kwa hiyo kila walipomwita Bata, alikuwa anatazama viatu vyake. Unakumbuka alivyokuwa akitazama viatu? Mimi nilidhani ni unyenyekevu.

Nikamuuliza, kama raha ilikuwa hiyo, mbona aliacha. Hapa ndipo nilipokaa na kalamu muda mrefu, Kaka, kwa sababu sijui utalipokea vipi. Mama alisema, "Kwa ajili ya kaka yako."

Asubuhi ya lile shindano la kikombe, Mama alitapika nyuma ya pikapu. Alidhani ni wasiwasi tu. Mvua ikashuka, akaingia. Kwenye ile kona ya mwisho gari liliserereka likapiga ukuta wa matairi kwa ubavu, likageuka nusu, akalirudisha akashinda. Watu waliona ushujaa. Baba, akichungulia kwenye tundu la turubai, alimwona mkewe akigonga ukuta. Baadaye kidogo ndipo wakaambiwa hospitalini kwamba Mama ana mimba. Wewe ulikuwa ndani ya lile gari, Kaka.

Mama anasema Baba alikaa kwenye benchi la hospitali, mikono ikamtetemeka kama kunanyesha, na nje kulikuwa na jua kali. Tangu siku hiyo hakushindana tena, na Mama naye hakushika usukani. Baba alimwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma mwanawe mbele ya kifo kwa kuwaonea watu haya. Ulipokuwa ukikua alikuangalia hivyo, kama kitu alichokaribia kukivunja. Siku ile ulipoweka mkono juu ya boneti, Mama anasema, alikuvuta kama mtu anayemtoa mtoto motoni, halafu akashindwa kukueleza, kwa sababu kukueleza ingebidi aeleze yote. Alikwenda kujifungia kule kwenye meno yake akalia. Mama alimsikia. Wewe ulikuwa umeshatoka nyumbani kwa hasira.

Sikuambii umsamehe. Mimi mwenyewe sijui nafikiri nini. Naamka nikimwonea huruma, mchana namkasirikia, na jioni namkasirikia Mama kwa kunyamaza akakuacha uondoke ukiamini hupendwi. Nilimwambia hivyo. Alisema ni kweli.

Siku ya kumbukumbu ilifika, jua limewaka, hakuna hata wingu. Mama alikuwa ameniapisha nisimnyang'anye Baba jina la Bata. Basi nikasimama mbele ya watu nikasema kwamba Baba alikuwa mtengenezaji wa meno, kwamba alikuwa akiegesha pembeni kwenye manyunyu, na kwamba kuna mambo yake ambayo siyaelewi. Watu wakacheka kwa upendo, wakidhani nafanya mzaha. Nikakaa.

Ukafika wakati wa Fundi kulizungusha lile jekundu. Mama akainuka na magoti yake yale yale, akamnyang'anya funguo, akaingia. Hakuaga mtu. Mzunguko wa kwanza alienda polepole, watu wakapiga makofi kumtia moyo mjane. Mzunguko wa pili hakuna aliyepiga makofi. Aliingia ile kona ya mwisho, nyuma ya gari ikaachia kidogo, akaikamata, akatoka amenyooka. Katibu alikuwa kando yangu. Alishika masharubu yake, akaniuliza kwa sauti ndogo kama marehemu ndiye aliyemfundisha. Nikamjibu sijui. Akatazama tena ile kona, kisha Mama, halafu akavua kofia na kubaki nayo mkononi. Sijui alielewa nini, na hajanipigia simu tangu siku hiyo.

Mama hakusimama. Alipita mahema, akatoka getini, akaendesha mpaka nyumbani peke yake, na sisi nyuma na pikapu tukimkimbiza roho juu. Gari likamzimikia mlangoni kwetu, nusu ndani nusu barabarani, na hapo ndipo lilipo hadi ninavyoandika. Nikitoka kwenda kazini napita kwa kujibana ubavu. Fundi alikuja na vijana wa mtaa walisukume, Mama akawarudisha wote. Nilipomuuliza litakaa hapo mpaka lini, alisema litasukumwa na mwanawe wa kwanza, aweke mikono yote miwili popote anapotaka.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto. Mama anakusalimu na anasema ulale kwenye chumba chako, kimeshafagiliwa.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja mlangoni.