Nondo wa Rangi ya Waridi na Laga Iliyojaa

Jumamosi, Aprili 2013, Lodwar. Mvua imekatika, joto limerudi, na mimi sikaliki.

Nimefagia nyumba mara mbili. Nimekaa kwenye cherehani, nimeinuka. Mume wangu anafundisha baiolojia Kakuma na hurudi kila Ijumaa, lakini jana hakufika. Laga, ule mto wa msimu unaokata barabara, imejaa na magari yamekwama pande zote mbili.

Mume wangu! Tangu harusi ni miezi miwili, na bado nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu.

Asubuhi nilimkuta nondo kwenye pazia. Mdogo kama ukucha wa kidole gumba, mabawa ya rangi ya waridi yenye kingo za manjano, kifua kimejaa manyoya laini utadhani amejifunika blanketi. Miti ya kando ya mto Turkwel, iliyopukutisha majani yote kiangazi, imechipua, na viumbe hawa wametokea nayo. Nikamfunika kwa bilauri. Nilitaka mume wangu amwone kabla ya mtu mwingine yeyote.

Akawa anapiga mabawa tu. Unga wa waridi ukabaki kwenye kioo.

Jirani yangu Mama Ekal akachungulia mlangoni, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, bibi ya mwalimu! Hiyo kadudu imekukosea nini?"

"Namwekea mwalimu."

"Kwani mwalimu ni kuku, umwekee wadudu?"

Nilicheka, kisha nikampigia simu mwalimu mwenyewe. Nilipomweleza alifurahi, halafu sauti ikashuka. Akasema wako nondo ambao wakishaota mabawa hawali tena. Siku zinazowabakia ni chache, na zote ni za kutafutana.

"Mfungulie, mpenzi. Ana mtu anamtafuta."

Nikamfungulia. Alitetemeka kidogo dirishani, akaruka kuelekea mtoni.

Nilimwonea wivu. Mdudu!

Mama alinifunza kwamba bibi arusi hutulia nyumbani, mume ndiye humfuata. Nimetulia hadi nimechoka. Mama Ekal anasema maji ya laga sasa yako chini ya magoti, na tangu mchana abiria wanavuka kwa miguu, viatu mkononi, wapande gari lingine ng'ambo.

Nimemtumia ujumbe: kesho asubuhi, simama upande wako wa laga.

Mama akisikia atasema nini? Sijui. Nimeshafunga mkoba.