Mzee Wenu na Mzee Wetu

Timișoara, Agosti 1986

Kwa dada yangu Sidonia,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji Dušan. Huko Vršac mnaendeleaje? Miguu yako imeacha kuvimba? Sisi huku tunapumua, maana kupumua bado hakuna foleni.

Tangu uolewe ng'ambo ya mpaka nimekuonea wivu, na leo sioni haya kulisema. Kila ukija na kahawa yako na sabuni zako, unakaa jikoni kwangu na kuanza kulinganisha. Mara ya mwisho ulisema Rais Tito wenu alikuwa mkali, lakini aliwaacha mle na msafiri, na alipokufa mlimlilia kwa dhati. Rais Ceaușescu wetu, ukasema, tutamlilia kwa amri. Mimi nikaendelea kutafuna biskuti zako.

Lakini na mimi nina langu. Baba mkwe wako si alitupwa gereza la kisiwani kwa neno moja tu alilolitamka kilabuni? Picha ukutani mlitundika, makofi mlipiga. Hao wawili ni tumbo moja, Dada. Ila wenu aliwapa pasipoti, wetu katupa foleni. Alfajiri naacha kikapu kwenye foleni ya nyama kinishikie nafasi, naenda kiwandani. Nikirudi napata kwato za nguruwe, ambazo watani wa hapa wanaziita raba za michezo. Inaniuma, nisikufiche.

Tena wivu ukahamia kwa mwanangu. Ulipomletea Ruxandra ile suruali ya jinzi, alijitazama kwenye kioo akasema, nami nipo, laiti angezaliwa na mama mkubwa. Wewe ukacheka. Mimi nikaenda kuosha vyombo visivyo na uchafu.

Sasa sikiliza. Barua hii haikupita posta. Nimeishona ndani ya koti la Ruxandra, na leo anaingia kwenye mashamba ya mahindi ya mpakani, kabla hayajavunwa, avuke kuja kwenu amejificha humo. Askari wetu hupiga risasi. Wenu, nasikia, huwarudisha watu. Jina langu nimeliweka makusudi, ili wakimkamata wajue ni mimi niliyemtuma. Kama unaisoma wewe, basi amefika. Mfiche, Dada, nakupigia magoti. Asirudishwe.

Supu ya maharage haipendi, usimlazimishe. Akiteleza akakuita mama, usimkosoe. Ila usiniandikie kuniambia.

Shemeji mpe salamu zangu.

Mdogo wako,
Viorica