Mlima Nilioushusha kwa Kalamu

3 Februari

Mwanangu Njorinjori,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Baba yake amerudi, au lori bado linamzungusha? Mimi sijambo, ila haya mapafu yanaringa. Nikipanda zile ngazi tatu za stoo ya shule nasimama kama mtu aliyesahau kitu. Ndiyo maana naandika. Simu inanimaliza pumzi, kalamu hainimalizi.

Picha nimeipata. Nimeibandika jikoni juu ya pipa la unga, na wapishi wenzangu wote nimewalazimisha kuitazama. Lakini picha haibebeki, mwanangu. Nataka kumbeba.

Nilimuuliza daktari. Akasema nisipande zaidi ya mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari, maana huko juu hewa ni nyepesi na mapafu yangu yatashindwa. Nikamuuliza bahari inaingiaje kwenye mambo yangu wakati sijawahi hata kuiona. Akacheka tu. Basi wewe ndiye mpimaji. Nyumba yako iko juu kiasi gani?

Mama yako

15 Februari

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, ila usingizi ndio hatuujui. Baba mtoto bado yuko barabarani hadi mwisho wa mwezi.

Bahari inaingia hivi. Ukisema mahali pako juu, lazima useme juu kutoka wapi. Wewe ukianzia kuhesabu mlangoni kwako na mimi mlangoni kwangu, hatutaelewana hata siku moja. Watu wakakubaliana sifuri iwe baharini. Kutoka hapo wapimaji walipandisha namba kidogokidogo, mmoja ameshika rula ndefu, mwingine anachungulia kwenye darubini, na kila walipofika wakapigilia kipande cha shaba chenye namba yake. Mimi nikitaka kujua kimo cha mahali, naanzia kwenye shaba iliyo karibu.

Nyumba yangu iko mita 1,950. Nimepima mwenyewe. Unaweza kuja.

Njoo, mama. Likizo ya uzazi imekwisha, na kuja huko ni siku tatu njiani na mtoto wa miezi miwili. Akilia, na mimi nalia. Jumapili niliinjika maharage saa moja asubuhi, yakaja kuiva saa tano kasoro, nikayala nimesimama huku nimembeba. Nakuhitaji.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Natumaini mnaendelea vizuri, na mtoto ananenepa. Barua yako ilinifurahisha nikafunga begi. Nikaisoma mara ya pili, nikafungua begi.

Umesahau kwamba ulipokuwa na miaka sita nilikuwa nawapikia mafundi wa barabara? Kambi ya kwanza ilikuwa mita elfu moja na mia nne, na maharage yaliiva kwa masaa mawili. Tukahamia kambi ya juu, elfu mbili na mia tatu. Maharage yaleyale, sufuria ileile, karibu masaa manne. Watu wakanuna, wakasema mpishi kaharibika. Mhandisi ndiye aliyenitetea, akawaeleza kwamba huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Wewe umechemsha yako karibu masaa manne, mwanangu. Hukai 1,950.

Nilikasirika nusu siku nzima. Kisha nikajikumbuka na mimi. Daktari hakusema elfu mbili. Alisema elfu moja na mia tano. Hizo nyingine niliongeza mwenyewe, maana nilijua ukisikia ya kweli utanikataza. Kumbe wewe huko unaushusha mlima, na mimi huku nampandisha daktari, ili tu tukutane. Na tungekutana kweli, halafu ungenizika.

Kwa hiyo siji. Nimelia, sikufichi. Akianza kukaa mwenyewe, nitumie picha.

Mama yako

9 Mei

Mama,

Shikamoo. Pumzi inaendeleaje? Unisamehe kwa kimya hiki. Nilikuwa na aibu. Kazini nikikosea sentimita tano napima upya, lakini mama yangu nilimpunguzia mita mia tatu na sitini na nikalamba bahasha. Nilijiambia ni kamlima kadogo tu, hatajua. Nilikutaka sana hadi sikufikiria mapafu yako.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita nilipanda basi la kushuka bondeni, mtoto mgongoni. Kuna mji mdogo wenye daraja, na kwenye daraja kuna shaba, namba yake 1,512. Nikapima kutoka pale kwenda chini mpaka nyumba ya fundi viatu mmoja mwenye chumba cha kupangisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia rula, akilalamika kwamba ana viatu vya watu vinamsubiri. Kizingiti cha mlango wake kiko 1,468.

Sisi hatuamini njia ya kwenda peke yake. Lazima urudi ulikoanzia, uone kama namba zinakubaliana. Nikamrudisha fundi wa watu hadi darajani, akiwa amenuna. Namba zilipishana kwa sentimita moja tu.

Msimamizi amenipa likizo ya wiki nzima, kuanzia tarehe 14 Juni, tukutane hapo kwa fundi. Sikuombi uniamini, nimeshakudanganya mara moja. Muulize daktari kama 1,468 inamridhisha, na uje na jibu lake, si lako.

Mwanao

13 Juni

Njorinjori wangu,

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, akuletee leo hii. Hamjambo huko juu?

Nimefika tangu jana. Daktari amekubali, tena kwa maandishi, karatasi ninayo kwenye pochi. Fundi viatu alishangaa kuona mgeni anaomba jiko kabla hajaomba kiti. Nilikuja na maharage yangu ya kule shuleni na sufuria yangu, hiyohiyo ya kambini. Nikayainjika saa nane mchana. Halafu nikaenda kukaa kwenye kizingiti chako, saa mkononi, nikisubiri. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba umeushusha tena.

Saa kumi na dakika saba nilibonyeza punje moja kwa kidole, ikapondeka.

Nimelala vizuri na napumua vizuri. Maharage mengine nimewawekea. Mlete.

Bibi yake