Sauti ya Bibi Ipo, Picha Nyeusi Tii

Shangazi Mektrida, shikamoo. Naomba unisaidie maana chakula hakipiti kooni. Mimi napiga video za sherehe, na mwezi uliopita nilipiga sendofu ya kumuaga binti wa Mzee Gidioni kule Machame, kwa kamera ndogo ya bei poa niliyoinunua Holili, na siku hiyo Bibi Eunike, mama yake Mzee Gidioni, ambaye maisha yake yote alikimbia picha, alisimama mwenyewe mbele ya kamera akambariki mjukuu wake, basi nikafika nyumbani nikahamishia yote kwenye kompyuta, nikafuta kadi ya kamera kama kawaida yangu, na kufungua programu ya kuhariri nakuta sauti ipo lakini picha nyeusi tii, nikarudia na kurudia, nyeusi, na kabla sijajua la kufanya Bibi akafariki, Shangazi, na familia wakaiomba ile video kwa sababu hawana picha yake hata moja, ndipo nikakata jani la sale nikampelekea Mzee Gidioni kuomba msamaha, na unajua kwetu Wachaga sale haikataliwi, akapokea, akasema, "Yameisha, mwanangu," halafu akageukia ukutani akalia. Nakutumia nakala kwenye sidii, labda unamjua mtu. Au niache tu kazi hii?

Elimringi, Njoro

Marahaba, Elimringi. Futa machozi kwanza, kisha nikugombeze.

Picha ipo! Nimeipeleka sidii yako kwa wenzangu wa chumba cha kompyuta hapa gazetini. Wanasema kamera hizo za bei poa huhifadhi picha kwa mtindo wao, na programu yako inauelewa wa sauti tu, wa picha haiujui. Wakaigeuza iwe ya mtindo unaokubalika, tukanywa chai tukisubiri, na nikamwona Bibi Eunike kwa macho yangu haya. Nilipiga kigelegele, mhariri akatoka mbio kuuliza kuna nini.

Sasa wewe. Sale ni ya kosa zito lililokwisha kutendeka. Wewe ulikimbilia kukata jani kabla hujamwuliza fundi hata mmoja, ukamfanya mzee wa watu amlilie mama yake mara ya pili. Kuuliza si ujinga, baba! Na nani alikutuma ufute kadi kabla hujaona picha ikicheza?

Kazi usiache. Ila kabla ya kila sherehe piga kipande kifupi cha majaribio, ukipitishe kwenye programu yako mpaka mwisho, ndipo utoke. Kadi usiifute mpaka mwenye sherehe awe na nakala mkononi.

Sidii mpya iko mezani kwangu. Ichukue leo, panda nayo Machame, usisubiri kuiwekea maua na muziki. Mwombe Mzee Gidioni akae, uwashe. Baada ya baraka, Bibi anakusogelea wewe mwenye kamera, anakuuliza kama umekula, mpaka uso wake unajaa kioo kizima. Najua utatamani kukikata kipande hicho, kwa kuwa si sehemu ya sherehe. Usikikate. Mwache Gidioni amtazame mama yake.