Nilifunga Kitabu cha Mahubiri Mbele ya Mjane

Mpendwa Shangazi Marjun, shikamoo. Naomba msaada wako kwa sababu hapa kijijini kila ninayeweza kumwendea ni ndugu wa mtu aliyekwisha kunihukumu.

Kasisi wetu anahudumia makanisa sita kwenye visiwa viwili, kwa hiyo Jumapili nyingi hatumwoni, na kwa desturi yetu mtu mmoja husimama chini ya mimbara akasoma mahubiri ya siku hiyo kutoka kitabu cha kanisa, neno kwa neno, asiongeze lake, na kazi hiyo alikuwa nayo baba yangu mpaka kiharusi kilipomlaza, na kwa kuwa hakuna mwanamume aliyejitolea, mzee Høgni, mwenyekiti wa baraza la kanisa, aliniruhusu mimi, akisema mwanamke kusoma si kuhubiri, maana maneno yenyewe ni ya kasisi mwanamume aliyekufa zamani.

Januari hii bahari ilimchukua mume wa jirani yangu Armgarð pamoja na mwanawe wa pekee, na maiti hazijapatikana hadi leo, na Jumapili iliyofuata dhoruba ilizuia feri, kasisi akashindwa kuvuka, nami nikasimama nikafungua kitabu, na somo la siku, Shangazi, lilikuwa Yesu kuituliza bahari, na mahubiri yalisema mwenye imani chombo chake hakizami, na Armgarð amekaa mbele yangu, mikono imelala mapajani kama si yake. Nilisoma kidogo nikashindwa. Nikafunga kitabu. Nikasema, "Armgarð, mumeo alikuwa na imani kunishinda mimi, na maji yamemchukua vilevile, na sijui kwa nini." Kisha nikasimulia wale wanawake waliokwenda kaburini kuupaka mwili wa Yesu manukato, nikamwambia kwamba yeye hata mwili hakupewa, na kwamba hao waliolia ndio Bwana aliowatuma kwanza kutangaza ufufuo.

Wanaume wakainuka wakatoka. Nje Høgni akaniambia, "Tulikupa kitabu, mama, hatukukupa kinywa." Nikamkumbusha Febe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, anayesemekana ndiye aliyepeleka barua ya Paulo Rumi. Akacheka: "Hata tarishi hubeba barua. Nani kampa mimbara?"

Sasa baraza linataka nisimame mbele ya usharika nikiri nimetenda dhambi, ndipo niendelee kusoma, na nikikataa hakutakuwa na msomaji, ibada zitakoma na kanisa litafungwa. Baba hana siku nyingi, na anataka jeneza lake litoke katika kanisa lile. Analia, ananiambia, "Sema tu, mwanangu. Maneno ni upepo." Na Armgarð alikuja jikoni kwangu, kahawa hakuigusa, akasema, "Ukisema ulikosea, basi mume wangu na mwanangu walizama kwa kukosa imani. Chagua." Je, Shangazi, nilitenda dhambi? Paulo si alisema wanawake wanyamaze kanisani? Nimfanyeje baba yangu?

Msomaji, Kisiwa cha Kusini

Mwanangu, marahaba, na pole. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikaichukua tena. Sasa nikugombeze kidogo.

Kosa unalo, ila si lile wanalokushitakia. Masomo ya mwaka yamepangwa, na ulijua Jumapili ile inaleta nini. Ungekifungua kitabu Jumamosi ungeyaona maneno yale, ukatafuta mengine, na Armgarð asingesikia hata mstari mmoja. Kamwombe radhi kwa hilo, nyumbani kwake. Halilihusu baraza.

Kuhusu Paulo, soma barua ileile anamosema wanawake wanyamaze. Kurasa chache kabla anaelekeza mwanamke anaposali au kutoa unabii mbele ya watu afunike kichwa. Mtu aliyenyamaza anatoa unabii gani? Huyohuyo alimtaja Yunia kati ya mitume, na Prisila, yeye na mumewe, walimkalisha Apolo msomi wakamfundisha njia ya Mungu. Na huyo Febe wa kuchekwa: Warumi walipokwama katika barua ile ngumu na Paulo yuko mbali, unadhani walimuuliza nani? Høgni ana Biblia hiyohiyo. Mzigo wa mwenziwe kwake ni kanda la usufi.

Hukutenda dhambi, kwa hiyo usikiri dhambi. Ukikiri utamzika mume wa Armgarð kwa neno ovu, na mtoto wake juu yake, na Armgarð ataishi mlango wa pili na wewe miaka yote iliyobaki.

Baba mwambie leo, wewe mwenyewe, kwamba hutakiri, kabla Høgni hajafika kitandani pake. Mwambie ikibidi mtamsalia sebuleni, na kasisi atakuja feri ikivuka. Usimwambie kwamba ni sawasawa na kanisani, kwa sababu si sawasawa. Anasema maneno ni upepo, lakini mtu aliyeamini hivyo asingeyasoma maisha yake yote. Huenda akageukia ukutani asikusemeshe tena mpaka mwisho. Siwezi kukuondolea hilo, na anayekuambia linaondoleka anakudanganya. Mlishe, mgeuze, mwoshe, hata akikukasirikia.

Wala usikubali kubebeshwa kufungwa kwa kanisa. Kijiji kina wanaume wanaojua kusoma. Jumapili fika mapema, kiweke kitabu mahali pake, kisha kaa na Armgarð na usiinuke. Saa ya kusoma itafika na hakuna atakayekwenda mbele. Watakohoa, watatazamana, watakutazama. Kaa. Kimya kitakuwa kirefu, nacho ndicho walichokiomba.