Msisi Wako Bado Umo Kwenye Faili

Mpendwa Tata, baba yangu,

Juzi mwenzangu wa ofisini alifungua faili la kamusi yako akaniuliza kwa nini alama zote za mizizi ya maneno zimeandikwa "msisi" badala ya "mzizi". Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Yeye ni mtu wa Tanga, anajiona Kiswahili ni mali ya bibi yake. Ningeanzia wapi kumweleza?

Unakumbuka chumba cha nyuma cha duka la Mzee Saidi, pale Kyela mjini? Ndiye aliyekuwa na kompyuta, iliyopita mpakani Kasumulu juu ya marobota ya mitumba, na alituachia kila asubuhi bila kinyongo. Umeme ukikatika tulikula ndizi tukiusubiri. Maneno yako ya Kinyakyusa yalikuwa kwenye kadi, maboksi matatu ya sabuni, kazi ya miaka yote ya ualimu wako. Macho yako yalikuwa yanafifia na daktari alishasema hayatangoja. Ulitaka kuisoma kamusi mwenyewe kabla hayajazima, na mimi niliogopa kuliko nilivyokuonyesha.

Mchapaji wa Dar es Salaam alikubali kwa sharti moja. Kila neno, mzizi wake na maana yake vikae kati ya alama mbili zenye jina moja, ya kufungua na ya kufunga, na faili zima lipite kwenye programu ya ukaguzi aliyotutumia kwa disketi. Programu yenyewe haikuwa na picha wala madoido. Skrini nyeusi, unaandika amri, inakujibu. Ukaibatiza Mkaguzi, kwa kuwakumbuka wale waliokuwa wakikuvamia shuleni bila taarifa.

Alama za kufungua, pamoja na kanuni za majina ambazo Mkaguzi angezifuata, nilikuwa nimeshaziandaa mwenyewe. Mwandiko wako haukusomeka, hivyo yaliyobaki ulinisomea, hata alama za kufunga. "Funga msisi, mwanangu. Funga maana." Nami, Mnyakyusa kama wewe, ambaye kwetu z hutamkwa s, niliandika nilichosikia wala sikushtuka.

Siku ya kumaliza, basi likiondoka kesho yake na disketi, nikaandika amri. Makosa yakamiminika mpaka skrini ikajaa: umefungua mzizi, umefunga msisi, umefungua mzizi, umefunga msisi. Nilitaka kulia.

"Anasemaje?" ukauliza.

"Anasema huna zeti, Tata."

"Mimi? Nimewafundisha Kiswahili watoto wa Kyela nzima!" Ukaisogelea skrini. "Na kanuni anazokagulia, kaandika nani?"

"Mimi."

"Kumbe! Basi badilisha kanuni. Hapa tunasema msisi."

Mzee Saidi aliangua kicheko huko dukani. Lakini ulikuwa umesema kweli. Alama zile hazichapwi kitabuni, na Mkaguzi alitaka tu kanuni, kufungua na kufunga vikubaliane. Nikageuza kila mzizi kuwa msisi, nikaandika amri tena. Skrini haikusema kitu.

"Mbona kimya?"

"Akinyamaza amekubali."

"Ana kiburi huyu," ukasema. Kisha ukaiinamia kompyuta ya watu: "Ndaga fijo." Kushukuru mashine, Tata! Wewe ulikuwa mtu wa adabu kupita kiasi.

Kamusi ilirudi kwa basi. Ulikaa barazani ukaisoma kwa sauti, pua ikigusa karatasi, neno kwa neno, ukibishana na maana ulizoziandika mwenyewe. Uliimaliza kwa macho yako. Hilo hunifurahisha mpaka leo, hata siku ninazokukumbuka sana.

Mwenzangu ameomba ruhusa asahihishe msisi. Nimemkatalia. Jana niliongeza maneno ya kadi tulizozikuta chini ya kitanda chako baada ya mazishi, nikafunga kila msisi kama ulivyonisomea, nikaandika amri. Kimya. Nikageuka haraka kukwambia, "Tata, amekubali!" Kiti kilikuwa kitupu. Basi nikainama, nikamshukuru Mkaguzi kwa niaba yako.

Ndaga fijo, Tata. Lala salama.

Mwanao, aliyeandika alichosikia