Kanisa Lililoanzia Nyumbani kwa Mpika Rubisi

Mshauri wetu, nakuandikia kutoka Kimwani, Muleba, nikiwa na furaha na shida kwa pamoja, maana kanisa letu dogo la waliookoka linafungua nyumba yake ya ibada hapa katika kijiji cha ujamaa, na mimi ndiye niliyechaguliwa kusoma historia yake mbele ya watu, na historia yenyewe naijua, kwani tulipojitenga na kanisa kubwa mwaka 1963 tulikuwa wachache tusio na pa kusalia, tukasimama kibanjani kwetu, yaani shambani kwenye migomba, mvua inanyesha, ndipo mume wangu Apolinary, Mkatoliki mpaka leo na mpikaji wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akatoka akasema, "Ingieni, nyumba ipo na nyie mnalowa bure," akasogeza vibuyu vyake pembeni, tukasali pale hadi tulipohamishiwa kijijini mwaka 1974, naye akaibomoa nyumba ile na nguzo zake akatupatia tujengee kanisa. Sasa Mzee Rutashobya, kiongozi wetu, aliyenifundisha kusoma Biblia, anasema, "Historia ya waliookoka haiwezi kuanzia kwa mpika pombe. Sema tulianzia chini ya migomba." Nilipomweleza mume wangu alicheka, akasema, "Semeni mnavyotaka. Mimi nilijua mnasali, sikujua mnaandika historia." Lakini tangu hapo hapiti tena njia ya kanisani. Sitaki kumvunjia heshima mzee wangu, wala kusema uongo madhabahuni. Nifanye nini?

Joviana, Kimwani

Dada Joviana, hongera kwa kanisa, na pole kidogo tu, kwa sababu jibu unalo. Mtu aliyeokoka ananiandikia kuniuliza kama adanganye kanisani!

Nenda kwa Mzee Rutashobya mapema, si siku ya sherehe, umwambie kwa upole: "Mzee, nitasoma nilivyoona. Kama haifai, tafuteni msomaji mwingine." Mkumbushe na mvua ile. Naamini naye alilowa.

Kosa lako ni hili: mumeo alipocheka, uliridhika na kicheko. Aliumia, mama! Mwambie leo hii kwamba jina lake litasomwa. Wala usiigeuze sherehe kuwa mtego wa kumwokoa. Nyimbo zenu amezisikia sebuleni kwake miaka yote, angetaka angeshasema.

Mwalike. Akikubali, mketishe mbele. Akisema atasimama nje na Wakatoliki wenzake, acha madirisha wazi, na usome kwa sauti ya kumfikia.